Zawadi Isifunike Deni

Neno la Tume ya Haki na Amani kwa waamini na viongozi walei wa Itigi



Katika vijiji vyetu umezoeleka utaratibu mmoja. Gari linafika shuleni likiwa na maboksi ya vitabu, madaftari na kalamu. Watoto wanapangwa mistari juani, wanaimba. Mgeni anahutubia, mwalimu mkuu anashukuru, mwenyekiti wa kijiji anashukuru, mzazi mmoja anashukuru kwa niaba ya wenzake, na mara nyingi kiongozi wa dini anaombwa kufunga kwa sala. Picha zinapigwa. Kisha gari linaondoka, na tangu siku hiyo ni wachache wanaouliza habari za vitabu vile: viko wapi, vinasomwa na nani, na kwa nini vilikuwa havipo.

Waraka huu unauliza maswali hayo matatu. Tunajua wapo watakaosema kwamba tunawavunja moyo wafadhili na kuwafundisha watu kutoshukuru. Sivyo. Kitabu cha msaada ni chema, na anayekileta kwa moyo safi anastahili shukrani zetu. Lakini mtoto wa Itigi ana haki ya kusoma, na haki hiyo ni deni ambalo wadaiwa wake wanajulikana. Zawadi ikipokelewa kwa namna ya kulifunika deni hilo, mtoto anapoteza zaidi ya alichopewa. Hiyo ndiyo hoja yetu, na tunaomba isomwe mpaka mwisho kabla ya kuhukumiwa.

1. Kitabu kinafanya nini darasani

Tuanze na mema, maana hatuwezi kukosoa namna ya kupokea kitu ambacho thamani yake hatujaijua.

Tuchukue darasa la pili lenye watoto sabini na vitabu saba. Kipindi ni cha dakika 30. Mwalimu hana njia nyingine ila kuandika habari ubaoni, na wakati anaandika amewapa watoto mgongo. Watoto wananakili. Aliyekaa nyuma haoni vizuri, asiye na penseli anangoja jirani amalize ili aazime. Dakika zinazobaki, mwalimu anasoma mstari mmoja kwa sauti na darasa zima linauitikia. Kwa mtu anayepita nje, ni darasa linalosoma. Kwa kweli watoto wengi wanakariri kwa masikio, macho yao hayajui neno lilipo. Mpe mtoto wa namna hiyo kitabu kilichopinduliwa juu chini, atakusomea ukurasa wote bila kukosea.

Sasa darasa lile lile lipate kitabu kimoja kwa kila watoto wawili, na kila mtoto penseli yake. Mwalimu hana haja ya kugeukia ubao. Anapita kati ya madawati, anasimama kwa mtoto mmoja mmoja, anagundua kwamba huyu anachanganya herufi, yule anasoma silabi lakini hajui zinaunda neno gani, na yule wa tatu amemaliza na anahitaji hadithi ngumu zaidi. Mtoto anaweza kurudi kwenye ukurasa wa jana. Anaweza kwenda na kitabu nyumbani na kumsomea bibi yake asiyejua kusoma. Boksi la chaki, karatasi za manila na kalamu za rangi zinamwezesha mwalimu kutengeneza kadi za herufi badala ya kuchora chini kwa kijiti. Hivi si vitu vya anasa. Ni jembe la kazi ya mwalimu.

Kwa upande wetu wa Itigi kitabu kina uzito wa pekee. Watoto wetu wanatoka katika nyumba zinazosema Kinyaturu, Kigogo, Kikimbu, Kitaturu na Kisukuma. Wengi wanakutana na Kiswahili cha kuandikwa kwa mara ya kwanza siku wanapoingia darasani. Mtoto wa mjini anaona Kiswahili kwenye mabango, magazeti na vibao vya maduka. Mtoto wa porini kuelekea Rungwa, ambaye jirani yake wa karibu ni mzinga wa nyuki, hana mahali pengine pa kukiona ila kwenye kitabu. Akinyimwa kitabu, amenyimwa lugha ya masomo yake yote.

Na matunda ya kunyimwa tunayajua. Taarifa ya Uwezo ya mwaka 2011 ilionyesha kwamba kati ya watoto 10 wa darasa la tatu nchini, ni 3 tu walioweza kusoma hadithi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili. Tangu wakati huo juhudi zimefanyika, na mwaka 2015 mtaala wa darasa la kwanza na la pili ulielekezwa kwenye Kusoma, Kuandika na Kuhesabu. Lakini watoto wale wa 2011 hawakurudishwa darasa la pili. Leo ni vijana wakubwa, wengine ni wazazi katika Jumuiya zetu. Anayetaka kuelewa kwa nini usomaji wa Neno la Mungu katika Jumuiya unaachiwa watu wale wale wawili kila wiki, hapo ana sehemu ya jibu.

2. Si kila boksi lina msaada

Hata hivyo, tusidanganyane kwamba kila kilichochapwa ni msaada. Mtu anayesafisha nyumba yake nchi ya mbali na kutuma huku kila alichokitoa rafuni, amejisaidia mwenyewe. Tumeona katika shule moja, ambayo hatuitaji jina, kabati lililojaa vitabu vya Kiingereza vinavyoeleza namna ya kutembea kwenye theluji na kupanda treni za chini ya ardhi. Katika shule zetu za msingi za serikali Kiswahili ndicho lugha ya kufundishia tangu mwaka 1967. Mtoto anayehangaika kusoma neno "mama" hawezi kunufaika na kitabu ambacho hata mwalimu wake anakisoma kwa shida.

Ushahidi upo kwa jirani zetu. Mwaka 1996, huko Busia, magharibi ya Kenya, shule 25 zilipewa vitabu vya kiada vilivyokubaliwa na serikali ya nchi ile. Wataalamu walilinganisha watoto wa shule hizo na wa shule ambazo hazikupewa. Kwa wastani watoto waliopewa vitabu hawakuwashinda wenzao katika mitihani. Walionufaika ni wale waliokuwa tayari wanaongoza darasani. Sababu yenyewe ni rahisi: vitabu vilikuwa vya Kiingereza, ambacho kwa wengi wao ni lugha ya tatu, na vilikuwa vigumu kwa mtoto wa kawaida. Aliyekuwa nacho akaongezewa.

Lipo pia tatizo la kufuli. Katika shule nyingi vitabu vizuri vya Kiswahili vimefungiwa ofisini mpaka mchwa wanavipata kabla ya watoto. Tusimlaumu mwalimu mkuu haraka. Anajua kwamba siku ya ukaguzi ataulizwa vitabu vilivyopotea, wala hataulizwa vitabu ambavyo havikusomwa. Basi anafanya kile ambacho mfumo unampa tuzo kwa kukifanya: anavificha. Anafanana na yule mtumishi wa Injili aliyeifukia talanta yake ardhini kwa kumwogopa bwana wake, na ilipofika siku ya hesabu akairudisha kama alivyoipokea, haina faida hata moja.

Hapa hapa Tanzania, mwaka 2013 na 2014, utafiti mkubwa ulifanyika katika shule 350 za msingi za serikali kwenye wilaya 10, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2019. Shule za kundi moja zilipewa fedha za nyongeza, shilingi 10,000 kwa kila mtoto kwa mwaka, zinunue vitabu na vifaa. Katika kundi la pili walimu waliahidiwa motisha kufuatana na watoto watakaojua kusoma na kuhesabu. Kundi la tatu lilipewa yote mawili. Baada ya miaka miwili, fedha za vifaa peke yake hazikuinua kiwango cha watoto kujifunza. Kwa motisha peke yake matokeo yalikuwa ya mchanganyiko. Vyote viwili vilipokwenda pamoja, watoto walipiga hatua ya wazi. Ndiyo kusema: kitabu bila mwalimu aliyetiwa moyo kinabaki karatasi, na mwalimu bila kitabu anabaki na ubao na sauti yake.

Anayeleta maboksi bila kuuliza habari za mwalimu, lugha na kabati, ameleta nusu ya msaada. Na sisi tunaopokea bila kuuliza tumekubali kuiita nusu hiyo kuwa kitu kizima.

3. Vitabu vya rada

Katika nchi yetu kuna kisa kimoja ambacho kila kiongozi mlei angefaa kukijua kwa ukamilifu, kwa sababu kinahusu vitabu na madawati yaliyofika katika shule zetu wenyewe.

Mwaka 1999 serikali yetu ilitia saini mkataba wa kununua rada ya kuongozea ndege kutoka kampuni ya Uingereza, BAE Systems, kwa paundi milioni 28. Wakati huo Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi maskini zinazoomba kusamehewa madeni. Benki ya Dunia ililalamika kwamba rada hiyo ni ghali mno kwa mahitaji yetu, na hata ndani ya serikali ya Uingereza walikuwepo waliopinga. Mauzo yakaendelea. Baadaye ikabainika kwamba zaidi ya dola milioni 12 zilikuwa zimelipwa kwa dalali. Mwezi Desemba 2010 kampuni ilikiri mahakamani mjini London kosa la kutotunza kumbukumbu sahihi za malipo hayo, ikatozwa faini ya paundi 500,000, na kwa makubaliano na waendesha mashtaka ikatakiwa kulipa paundi milioni 29.5 kwa manufaa ya wananchi wa Tanzania.

Tuangalie sasa lugha iliyotumika. Katika makubaliano, malipo yale yaliitwa malipo ya hisani. Kampuni ikataka yagawanywe chini ya usimamizi wa bodi iliyoiteua yenyewe, kama vile tajiri anavyochagua maskini wa kumtupia sarafu. Mwaka 2011 wajumbe wa Bunge letu walisafiri mpaka Uingereza kudai kwamba fedha ni za Watanzania na zirudi kwa Watanzania. Wabunge wa kule nao waliikosoa kampuni kwa kuchelewesha. Mwaka 2012 fedha zikalipwa, na mpango ukatangazwa wa kununua vitabu milioni 4.4 kwa ajili ya shule zote za msingi za serikali, zilizokuwa kama 16,000, pamoja na madawati 200,000. Wananchi, kwa ufundi wao wa lugha, wakaiita "chenji ya rada".

Jina hilo lina hekima. Chenji ni mali ya mnunuzi. Muuza duka anayekurudishia chenji yako hajakupa zawadi, na humpigii makofi. Lakini angalia jinsi jambo linavyoweza kugeuka. Lau wale wajumbe wasingedai, vitabu vile vile, vyenye kurasa zile zile, vingefika shuleni kama hisani ya kampuni, na watoto wangeimba kuishukuru. Mwenye haki angekuwa ombaomba, na mdaiwa angekuwa mfadhili. Kitabu kingekuwa kile kile, ila mtoto angefundishwa uongo kuhusu yeye ni nani.

Jambo la pili la kisa hiki ni hili: vitabu vile havikumaliza njaa ya vitabu. Vitabu vinachakaa, na mitaala inabadilika. Mtaala ulioboreshwa, ulioanza kutumika Januari 2024, ulihitaji vitabu vipya. Shule inayotegemea bahati ya msaada kila mtaala unapobadilika itakuwa daima inaanza upya.

4. Nani anadaiwa nini

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Hati juu ya Utume wa Walei ya mwaka 1965, namba 8, unatufundisha kwamba madai ya haki yatimizwe kwanza, ili kile ambacho mtu anastahili kwa haki kisitolewe kwake kana kwamba ni zawadi ya upendo. Hati hiyo iliandikwa kwa ajili yenu walei, wala si kwa ajili ya mapadre. Basi tutaje wadaiwa.

Mdaiwa wa kwanza ni serikali, kwa ngazi zake zote. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi ulipoanza mwaka 2002, ruzuku ya shule ilipangwa kuwa dola 10 kwa mtoto kwa mwaka, ambazo wakati ule zilikuwa karibu shilingi 10,000. Elimu bila malipo ilipoanza Januari 2016, tunashukuru kwamba fedha zilianza kutumwa moja kwa moja shuleni kila mwezi. Lakini kiwango kilikuwa kile kile cha shilingi 10,000, ambazo mwaka huo hazikufika hata dola 5. Kati ya hizo, shilingi 4,000 zilitengwa ngazi ya taifa kwa ajili ya vitabu, na 6,000 zikaenda shuleni. Gawanya 6,000 kwa siku 194 za masomo: ni shilingi 31 kwa mtoto kwa siku, kwa chaki, karatasi, ukarabati, mitihani na uendeshaji wote. Haifiki bei ya pipi moja dukani. Nazo ni fedha zetu. Mama anayenunua sabuni na sukari pale stesheni analipa kodi. Mkulima wa alizeti wa Sanjaranda na mrina asali wa Mitundu wanalipa ushuru. Wakiuliza vitabu viko wapi, wanauliza habari za mali yao.

Kwamba inawezekana, tumeona. Mwaka 2016 taifa lilipoamua kwamba mtoto asikae chini, Bunge lilitoa shilingi bilioni 6 zilizobaki katika matumizi yake kwa ajili ya madawati, mikoa ikapewa muda wa kukamilisha, na madawati yakatengenezwa na mafundi wetu wenyewe kwa mbao zetu wenyewe. Jambo lililotakiwa kwa nguvu lilifanyika kwa miezi, baada ya kusubiri kwa miaka.

Mdaiwa wa pili ni mzazi. Waraka wa serikali uliofafanua elimu bila malipo mwaka 2016 haukumwondoa mzazi: sare, madaftari, kalamu na chakula vilibaki wajibu wake. Elimu bila malipo si elimu bila wazazi. Mzazi anayeuza tumbaku au alizeti, akapata fedha za kuchangia sherehe tatu, kisha mtoto wake akaingia darasani na nusu ya daftari la mwaka jana, asimlaumu waziri peke yake. Na yule ambaye kweli hana, ambaye mvua ilimkatalia shambani, huyo ana haki ya kusaidiwa na Jumuiya yake bila kutangazwa kanisani.

Mdaiwa wa tatu ni jumuiya ya waamini. Kabla ya sheria ya mwaka 1969, shule nyingi zilikuwa mikononi mwa makanisa, na katekista ndiye aliyekuwa mwalimu wa kwanza wa kijiji. Zilipotaifishwa, umiliki ulihama, lakini watoto ni wale wale tuliowabatiza. Parokia haiwezi kusema kwamba mtoto ni wetu kwenye mafundisho ya Komunyo ya Kwanza na ni wa serikali kwenye kusoma.

5. Kwa wanaotupinga

Wa kwanza wanasema: mpewa hachagui. Tunajibu kwamba aliyepewa ni mtoto, na sisi tunapokea kwa niaba yake. Mlezi wa yatima anayepokea chakula kilichooza kwa sababu ni cha bure hasifiwi kwa unyenyekevu. Kuchagua ni wajibu wa mlezi, na bure mara nyingi ni ghali.

Wa pili wanasema: mkiuliza sana wafadhili watakimbia. Tunajibu kwamba atakayekimbia ni yule aliyekuja kupigwa picha. Mfadhili mkweli hufurahi kuulizwa, maana naye anatoa hesabu kwa watu waliochanga huko kwao, na wengi wao ni watu wa kipato cha kawaida. Sisi wa Itigi hatuwezi kuudharau msaada wa ndugu wa mbali: Hospitali ya Mtakatifu Gaspar, iliyoanzishwa na Wamisionari wa Damu Azizi ya Yesu, inasimama kati yetu kama ushuhuda. Lakini hospitali ile haikuwa boksi lililoachwa mlangoni. Waliokuja walikaa, walisomesha wauguzi, walijifunza lugha, na wenyeji wakashika kazi. Hicho ndicho kipimo tunachotaka kitumike kwa vitabu.

Wa tatu wanasema: hiyo ni siasa, Kanisa liombe tu. Tunajibu kwa Mtume Yakobo, anayemkemea mtu anayemwambia ndugu mwenye njaa aende kwa amani akashibe, bila kumpa mahitaji ya mwili. Tukimwombea mtoto afaulu mtihani na hatuulizi kitabu chake kiko wapi, tunafanana na mtu huyo. Kuuliza hesabu ya ruzuku katika mkutano wa kijiji hakuhitaji kadi ya chama chochote. Kunahitaji raia aliyekuja na daftari.

6. Tufanye nini

Nehemia alipojenga upya ukuta wa Yerusalemu, wengi walijenga sehemu iliyoelekea nyumba zao wenyewe. Nasi tugawane sehemu.

Kwanza, kabla ya kupokea. Kamati ya shule iwe na orodha ya mahitaji iliyotokana na walimu wa madarasa ya chini: vitabu gani, vya lugha gani, vingapi. Mfadhili apewe orodha hiyo mapema. Akiuliza aanzie wapi, aambiwe anunue vitabu vya hadithi vya Kiswahili vilivyoandikwa na kuchapwa hapa nchini. Tangu mwaka 1991 Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania umewasaidia waandishi, wachoraji na wachapaji wetu kutoa vitabu vya namna hiyo, na umewafundisha walimu kuvitumia. Kwa njia hiyo fedha ya mgeni inamlisha mwandishi wetu pia, na mtoto anamkuta katika kitabu mbuzi anayemfahamu.

Pili, siku ya kupokea. Shukrani zitolewe, tena kwa adabu. Lakini kabla ya shukrani mwalimu mkuu asome mbele ya wote mambo manne: shule ina watoto wangapi, ilikuwa na vitabu vingapi, imepokea ruzuku kiasi gani mwaka huu, na baada ya zawadi hii kimebaki kipungufu gani. Mwakilishi wa Halmashauri ya Wilaya ya Itigi akiwepo, na aseme kipungufu hicho kitajazwa lini. Maneno yake yaandikwe katika kumbukumbu za kikao. Hivyo zawadi haitafunika deni. Italiweka mezani.

Tatu, baada ya kupokea. Kabati lifunguliwe. Mafundi seremala wa Jumuiya watengeneze rafu zilizoinuliwa juu ya sakafu, mbali na mchwa. WAWATA washone mifuko ya kitambaa, ili mtoto aende na kitabu nyumbani Ijumaa na kukirudisha Jumatatu kikiwa kizima. VIWAWA washone na kugundisha vitabu vilivyochanika, na Jumamosi wafungue chumba cha katekesi kwa watoto wote wanaotaka kusoma, wa Kanisa letu na wa madhehebu mengine, na watoto wa ndugu zetu Waislamu vile vile. Kitabu kikipotea kwa sababu kilikuwa kinasomwa, mwalimu asiadhibiwe. Jumuiya ikichangie.

Nne, mwaka mzima. Kila Mkatoliki aliye mjumbe wa kamati ya shule atoe taarifa katika Jumuiya yake kila robo mwaka: ruzuku iliyoingia, vitabu vilivyoongezeka, watoto wa darasa la tatu wanaojua kusoma na wasiojua. Mapato na matumizi yabandikwe kwenye ubao wa matangazo wa shule, mahali ambapo mzazi anaweza kusimama na kusoma. Na ahadi iliyoandikwa ikipita tarehe yake, ujumbe wa wazazi, wake kwa waume, uende Halmashauri kwa amani ukaulize. Waliodai chenji ya rada walikwenda mpaka Uingereza. Sisi hatuna safari ndefu namna hiyo.

Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Hawakusema dawa yake ni kushukuru. Tuwashukuru wanaotoa, tuwadai wanaodaiwa, nasi tulipe sehemu yetu, tukijua kwamba mtoto aliye darasa la pili leo hawezi kungoja mpaka wakubwa wamalize kusukumiana. Mwaka wake wa kujifunza kusoma ni huu.

Maswali ya kutafakari katika Jumuiya Ndogo Ndogo

1. Katika shule iliyo karibu nasi, watoto wangapi wa darasa la pili wanatumia kitabu kimoja? Nani kati yetu amekwenda kuhesabu?

2. Msaada wa mwisho wa vitabu au vifaa ulifika lini, na vitu hivyo viko wapi sasa?

3. Nani kutoka Jumuiya yetu yuko kwenye kamati ya shule? Ametupa taarifa mara ngapi mwaka huu?

4. Ni familia gani kati yetu ambayo mtoto wake hana daftari, na tutamsaidiaje bila kumwaibisha?

5. Tuchague jambo moja tutakalolitekeleza kabla ya muhula kwisha, na mtu atakayeulizwa kama lilifanyika.